Kabla ya Kutia Mukono pa Kilio

Wewe unayekaa Likasi, Kolwezi, Fungurume ao Kipushi, unajua namna habari ile inafikaka. Ni usiku, mutu anapiga mulango, hasemi jina lake mara moja. Unafungua, unaona uso wake, na umekwisha kujua. Ni kamyo, ni taksibisi, ao ni pikipiki. Barabara kubwa, ile inatoka Kasumbalesa na kupita Lubumbashi na Likasi mupaka Kolwezi, inabeba shaba yetu na kobalti, na inabeba vilevile maiti zetu. Mu mwezi wa Februari 2019, kamyo ya asidi iligongana na basi kwenye njia ile ya Kolwezi, na watu karibu 20 wakakufa.

Leo sitaki kuhubiri juu ya kifo. Mahubiri ya namna ile munasikia mingi. Nataka kusema juu ya siku ya pili na ya tatu, wakati wanaume bado wanalala inje pembeni ya moto na wamama wanaimba ndani, kisha gari safi inakuja kusimama pa lupango.

Miaka kadiri imepita, nilikuwa pa kilio cha fundi mumoja wa kanisa letu. Kamyo ya kampuni moja ilimugonga akiwa pa kinga, akirudi nyumbani. Wajumbe wawili wakakuja. Walikuwa na adabu, siwezi kusema vingine. Walileta sanduku nzuri, magunia ya unga, sukari, mafuta, na bahasha. Walileta na karatasi moja ya Kifaransa. Mujane alikuwa anakaa chini, siku mbili hakula kitu. Alinitazama mimi, pasteri wake, akauliza: "Baba, ni nini ile?" Nikaisoma mbio mbio. Nikamujibu: "Mama, ni ya kuonyesha kama umepokea musaada." Akatia kidole. Na mimi nikatia mukono chini yake, kama shahidi.

Kulikuwa mustari mumoja wenye sikuupima: kwamba familia imelipwa yote, na haitadai tena kitu kingine hata siku moja. Watoto walikuwa watano. Ile bahasha haikumaliza siku makumi ine. Kisha miaka miwili, mutoto mukubwa aliacha masomo, akaenda kusafisha mawe ya shaba mu muto pamoja na wengine. Kila nikimupita pale ananisalimia vizuri, "Jambo baba pasteri," na mimi ninaangalia chini.

Ndugu, kupokea musaada wa mazishi si zambi, na sheria haiukatazi. Lakini karatasi iseme hivi tu: nimepokea kwa ajili ya mazishi. Kama iko na maneno mengine, sema: "Tutaisoma kisha kilio." Hakuna sheria inayolazimisha mujane kutia mukono mbele ya maiti. Na wewe pasteri ao muzee wa kanisa, kama hausikii vizuri Kifaransa cha avoka, usione haya kunyamaza na kutafuta mwenye kukisikia. Haya yangu njo iliponza ile familia.

Sasa sheria yenyewe. Inchi yetu iko na sheria ya mapatano na madeni tangu 1888, na nambari zake 258, 259 na 260 zinafanya kazi mupaka leo. Ya 258, kwa maneno yangu, inasema kwamba ukimuletea mwenzako hasara kwa kosa lako, ile ni deni, lipa. Ya 259 inaongeza kwamba hata uzembe na kukosa kuangalia ni kosa. Ya 260 inaenda mbali zaidi: mwenye kazi anajibu kwa hasara yenye mutumishi wake analeta akiwa mu kazi yake. Kwa hiyo wakikuambia, "Shofere amekimbia, tena ni masikini, mutadai nani?", jibu liko: tutadai bwana wake. Mambo haya Wabeleji hawakuyavumbua. Soma Kutoka sura ya 21 juu ya mutu mwenye kuchimba shimo na kuliacha wazi, na juu ya ngombe mwenye kujulikana kama anapiga watu na mwenyewe hakumufunga. Musa hakuona kamyo, lakini shofere mwenye kulewa angemujua vizuri.

Tena, tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, kila gari lazima iwe na asiransi ya kulipia watu wengine. Zamani ilikuwa SONAS peke yake; sheria ya 2015 ilifungua mulango, na tangu 2019 kampuni zingine ziliingia mu kazi ile. Basi pale pale pa aksida, mbele hata ya kulia sana, mutu mumoja wa familia aandike nambari ya gari, jina la mwenyewe, na jina la asiransi yenye iko pa kioo. Kamyo ya Zambia ao ya Tanzania inatembeaka na karte ya manjano ya COMESA. Andika na nambari ya ile karte, maana kesho itakuwa imekwisha kuvuka mupaka. Polisi ya barabara inafanya PV na kuchora namna magari yalisimama. Fuata ile PV mupaka ifike pa parke, na andika majina ya mashahidi: mama wa kuuzisha mikate pembeni ya barabara anaona kuliko polisi.

Kuua pasipo kukusudia ni kosa mu sheria ya adabu, nambari 52 na 53, kifungo cha miezi 3 mupaka miaka 2. Kesi ile ikienda pa Tribunali ya Amani, mujane na watoto wanaweza kuingia ndani yake kama parti sivili na kudai malipo pale pale. Lakini musilale: kisha miaka 3 mulango wa kesi ya namna ile unafungwa. Kama hamuna faranga ya avoka, pa baro kuko biro ya kushauri watu bure.

Pale wengi wanaanguka ni pa makaratasi. Mama anafika na setifika ya ndoa ya kanisa, ile yenye picha ya njiwa. Ni nzuri, mimi mwenyewe niliandika nyingi. Lakini mbele ya jaji inaombwa akte ya ndoa ya serikali, na akte ya kifo, na akte ya kuzaliwa ya kila mutoto. Mutoto anapashwa kuandikishwa mbele ya siku 90 kupita. Kama baba alikuwa mutumishi, tafuta bileti zake za mushahara. Kama alikufa akienda ao akitoka kazi, mwenye kumutumikisha anapashwa kujulisha CNSS, na hii ni haki ingine pembeni ya ile ya asiransi. Kama alikuwa krezere, hana bileti, basi chunga resi za makuta ya masomo zenye jina lake na vikaratasi vya wale walimununulia mawe. Zinaonyesha nani alilisha nyumba.

Sasa neno la kuuma. Faranga ikitoka, ndugu za marehemu wanafika na mufuko wazi. Malipo yenye jaji anakata kwa ajili ya machungu na hasara ya mujane ni yake, na ya watoto ni ya watoto. Baba na mama ya marehemu nao wanaweza kudai yao. Lakini baba mudogo kuchukua ya watoto, hapana. Wabinti wa Selofehadi, Hesabu 27, walisimama mbele ya Musa na makutano yote wakadai fungu la baba yao, na Mungu akasema wako na haki.

Wengine wananiambia: "Pasteri, ile ni faranga ya damu, mwenye kuikula ni mulozi." Nauliza: watoto wakikosa kula, damu ya nani inarudi? Wengine wanaleta 1 Wakorinto 6. Ni swali la kweli. Paulo anakataza ndugu kushitaki ndugu mbele ya wasioamini. Kampuni ya asiransi si ndugu yako mu imani, na yenyewe ilikwisha kupokea faranga kwa ajili ya kazi ile. Lakini kama shofere ni mutu wa kanisa letu?

Ilitufikia. Taksibisi ya ndugu mumoja iligonga mutoto wa mama wa kwaya, akakufa. Yule ndugu alisema kweli mu PV, hakuficha kama alikuwa anakimbiza. Tulipouliza asiransi, ilikuwa imekwisha kupita mwezi mumoja. Wazazi hawakuenda tribunali. Tuliketi na familia mbili, tukahesabu, yule ndugu akauzisha injini. Mabaki analipa kila mwisho wa mwezi mbele ya wazee, na shemasi anaandika mu kaye. Bado miezi kenda.