Ulipomjibu Dereva Mkali, na Sasa Moyo Unakusuta

Leo hatuzungumzii malaria wala chanjo. Tunazungumzia jambo ambalo mama anayeendesha gari hulibeba kimya kimya hadi nyumbani: kujilaumu baada ya kumjibu dereva aliyemwonyesha ubabe barabarani.

Unaijua barabara ya kutoka Kisii kupitia Rongo, Awendo na Migori. Mbele yako trekta la miwa linajikokota, nyuma matatu inakupigia honi na kukuwashia taa kali, pembeni bodaboda zinapenya. Tuseme mtoto wako wa miaka minne amekaa kiti cha nyuma. Gari moja linakupita kwa nguvu na kukukatia mbele hadi unafunga breki ghafla. Dereva anatoa kichwa dirishani na kukutukana, tena kwa kumtaja mama yako mzazi. Nawe, mama wa heshima unayejulikana kanisani na sokoni, unashusha kioo na kumrudishia maneno ambayo mtoto hajawahi kuyasikia kinywani mwako. Pengine hata unakanyaga mafuta na kumfuata. Ukifika nyumbani mikono bado inatetemeka, na usiku usingizi hauji. Unajiuliza, "Mimi ni mama wa aina gani?"

Wahenga walisema hasira hasara, lakini hawakutuambia la kufanya hasara ikishatokea.

Kwanza elewa mwili wako. Gari lilipokukatia, ubongo uliona hatari ya kifo kabla hujapata nafasi ya kufikiri. Tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo zilimwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo ukaenda mbio, misuli ikakaza, pumzi ikawa fupi. Mwili ulikuwa unajiandaa kupigana au kukimbia, na ndani ya gari huwezi kufanya lolote kati ya hayo. Kilichobaki ni honi, ulimi na mafuta. Hali hiyo huchukua dakika 20 hivi, au zaidi, kutulia. Ndiyo maana ni vizuri kusimama kwenye kituo cha petroli au penye watu, ukavuta pumzi na kuitoa polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia. Ukiendelea kuendesha huku unatetemeka, hatari ya pili huwa kubwa kuliko ya kwanza.

Mwaka 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilifunga abiria wa matatu mikanda na kuyawekea magari vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti cha ulimi bado hatujapata.

Sasa kuhusu hatia yenyewe. Kuna kujilaumu kwa tendo: "Nilitukana, haikufaa." Hiyo ina kazi, kwa sababu inakusukuma kurekebisha. Halafu kuna kujihukumu nafsi nzima: "Mimi ni mama mbaya." Hiyo hairekebishi chochote. Inakufanya ujifiche, na mara nyingi mama aliyejaa aibu ndiye anayewafokea watoto jioni kwa sababu ya kikombe kilichomwagika. Dereva yule hamjuani, huenda hutamwona tena, na huhitaji kumtafuta ili umwombe radhi. Aliye karibu nawe ni mtoto.

Mtoto mdogo huweza kudhani ugomvi wa mtu mzima umesababishwa naye. Usinyamaze ukitumaini amesahau. Keti naye na umwambie kwa maneno machache: "Leo mama aliogopa, kisha akakasirika. Wewe hukukosa. Yale maneno niliyosema si mazuri. Samahani." Basi. Usimweleze habari za sheria za barabarani, wala usimwombe akufariji. Wengine watakuambia kwamba mzazi akimwomba mtoto radhi anapoteza heshima. Sikubaliani nao. Mtoto amekuona ukikosea, na sasa anakuona ukitengeneza, na hilo la pili atalihitaji maisha yake yote.

Kwa mama anayenyonyesha, utasikia watu wakisema maziwa ya mama mwenye hasira yameharibika, ukamue uyamwage. Si kweli. Hasira haiharibu maziwa. Mfadhaiko unaweza kuyachelewesha kutiririka kwa muda, basi. Kaa mahali tulivu, kunywa maji, mweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, umnyonyeshe.

Kama yule dereva anateremka kukujia, usiteremke. Funga milango na vioo, kisha ukiweza ondoka uelekee kituo cha polisi au penye watu wengi. Kama alikutishia, andika namba ya gari lake. Lakini ikiwa katika purukushani hiyo wewe uligonga gari au mtu, hilo si suala la moyo kusuta pekee. Sheria ya Kenya inakutaka usimame, na uripoti polisi mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kupita. Akina mama wengine hukimbia kwa hofu, na hofu hiyo huwatesa kuliko kesi yenyewe.

Kwa kawaida uzito huu hupungua baada ya siku chache. Usipopungua, yaani wiki mbili zimepita na bado hulali, unaogopa kushika usukani, unalia bila sababu au unawapiga watoto kwa makosa madogo, huenda tatizo halikuanzia barabarani. Mama aliyejifungua karibuni aangalie zaidi, kwa kuwa mfadhaiko wa baada ya kujifungua mara nyingine hujitokeza kama hasira, si machozi. Mweleze muuguzi siku unapompeleka mtoto kliniki, au nenda hospitali ya rufaa ya kaunti, Migori au Homa Bay, uombe kuonana na mshauri. Usiyeweza kusafiri, piga 1199, namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, bila malipo.