Wasanii, Bahari na Hati ya Nyumba

Matangazo ya makazi ya wasanii katika miji ya pwani yanafanana. Kuna picha ya bahari, kuna ahadi ya chumba, meza ya kufanyia kazi na posho, na mchoraji, mwandishi, mfinyanzi au mpiga muziki anaalikwa kwa wiki tatu au miezi kadhaa aachane na pilikapilika zake aje afanye kazi kwa utulivu. Kinachokosekana karibu kila mara ni jibu la swali ambalo mpangaji yeyote wa Kariakoo huuliza kabla ya kutoa kodi ya miezi sita: nyumba hii ni ya nani, na nani ana uwezo wa kututoa? Naona swali hilo lina uzito kuliko mandhari, kuliko posho, hata kuliko sifa za waliowahi kualikwa. Palipo na jengo lililoondolewa sokoni, makazi ya wasanii hudumu vizazi. Pasipo na jengo la namna hiyo, huishi kwa hisani ya mwenye nyumba, na katika mji wa pwani hisani hiyo huyeyuka watalii wakianza kushuka.

Mfano ulio wazi zaidi ni St Ives, mji mdogo wa wavuvi katika jimbo la Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Katika karne ya 19 mji huo uliishi kwa samaki jamii ya dagaa, waliotiwa chumvi na kukamuliwa mafuta katika maghala ya mawe kandokando ya ufuo. Biashara hiyo ilidhoofika kuelekea mwisho wa karne, wakati uleule reli ilipofika mwaka 1877 na kuwaleta wachoraji waliofuata mwanga wa huko. Walikuta maghala makubwa yenye dari ndefu, yamebaki nusu tupu, kodi yake ndogo. Wakatoboa madirisha makubwa kwenye mapaa na kupanga ghorofa za juu. Hapo hapakuwa na programu yoyote, wala kamati, wala fomu za maombi. Kilichokuwapo ni jengo ambalo thamani yake ya kibiashara ilikuwa imeshuka, na watu waliojua kulitumia. Mojawapo ya maghala hayo ndilo linaloitwa Porthmeor Studios, na ndilo linalotufaa hapa, kwa sababu limeponea chupuchupu kufuata njia ya majengo mengi ya aina yake.

Thamani ya jengo la ufukweni haishuki milele. Mara mji unapopata jina, aghalabu kwa sababu ya wasanii wenyewe, mwenye jengo huanza kupiga hesabu upya. St Ives walitangulia hesabu hiyo. Mchoraji Borlase Smart alipofariki mwaka 1947, wenzake waliunda mfuko wa wadhamini kwa jina lake, na mwaka 1949, wakisaidiwa na Baraza la Sanaa la nchi hiyo, wakalinunua jengo la Porthmeor. Mwaka huohuo Ben Nicholson aliingia katika studio namba 5. Alipoondoka mwaka 1958 aliipokea Patrick Heron, naye akaishika hadi alipofariki mwaka 1999. Kati ya Septemba 1959 na Januari 1960 Francis Bacon alipanga studio nyingine katika jengo hilo ili akamilishe kazi za maonyesho, kisha akaenda zake. Leo tungemwita msanii mgeni wa muda. Ukiwaweka watu hao watatu pamoja, utaona jambo ambalo programu nyingi za sasa hulikosa: jengo moja lilimpa huyu miezi minne, yule miaka tisa, na mwingine zaidi ya miaka arobaini, kila mmoja kwa kadiri ya kazi yake, kwa kuwa wadhamini hawakuwa wakikimbizana na ruzuku ya mwaka wa fedha. Ghorofa ya chini, wavuvi waliendelea kutengeneza nyavu zao, na bado wapo.

Kwa nini nasisitiza mji wa pwani, wakati makazi ya wasanii yapo hata milimani? Kwa sababu ya misimu. Nyumba ya ufukweni ina bei mbili kwa mwaka, na pengo kati ya bei hizo linaweza kuwa la kutisha. Provincetown, nchani mwa rasi ya Cape Cod huko Marekani, ina wakazi wa kudumu wasiofika 4,000, lakini majira ya joto watu hufurika hadi makumi ya maelfu. Mji huo umekuwa kambi ya wachoraji tangu Charles Hawthorne alipofungua shule yake mwaka 1899, na waandishi wa tamthilia akina Eugene O'Neill walianzia huko. Kufikia miaka ya 1960 wasanii wakongwe, miongoni mwao mshairi Stanley Kunitz na mchoraji Robert Motherwell, waliona kuwa vijana hawawezi tena kumudu kuishi pale. Mwaka 1968 wakaanzisha kituo cha Fine Arts Work Center kwa utaratibu unaostahili kuigwa: wasanii na waandishi 20 hukaa miezi saba, kuanzia Oktoba hadi Aprili, yaani baridi ikiwa kali, mikahawa imefungwa na vyumba havina mteja. Louise Glück, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2020, alipita hapo. Jhumpa Lahiri naye alipita hapo kabla ya kitabu chake cha kwanza kuchapishwa. Hata hivyo, msimu mtupu peke yake usingetosha. Baada ya miaka michache kituo kilijipatia uwanja wa zamani wa kuuzia mbao, ambao juu ya ghala lake wachoraji walikuwa wamepanga studio tangu miaka ya 1910. Ndiyo maana miezi saba haijawahi kupunguzwa kuwa mitano ili mwenye nyumba awahi wageni wa Mei.

Mtu anaweza kusema muda si hoja, kwamba msanii mzuri atafanya kazi nzuri hata katika wiki mbili. Huenda mpiga picha ataweza. Mfinyanzi hawezi, kwa kuwa udongo wa mahali pageni unahitaji kujaribiwa, na tanuri linahitaji kujengwa na kuzoeleka. Wafinyanzi Bernard Leach na Mjapani Shoji Hamada walipofika St Ives mwaka 1920 walijenga tanuri la kupanda kwa ngazi la Kijapani, na Hamada alikaa miaka mitatu kabla ya kurejea kwao. Karakana ile ikampata mwanafunzi, Michael Cardew, ambaye miaka ya 1950 alianzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi Abuja, Nigeria. Miaka ya 1970 Cardew huyohuyo alimhimiza kijana mzaliwa wa Nairobi, Magdalene Odundo, aende Abuja akajifunze kwa wafinyanzi wanawake wa huko. Vyungu vya Odundo leo vimo katika makumbusho makubwa ya dunia. Siwezi kudai kwamba yote hayo yalitokana na hati ya kiwanja, lakini mnyororo huo wa watu usingeungwa na ziara za wiki mbilimbili.

Pingamizi zito zaidi ni lile la wenyeji: wasanii ndio chambo cha wawekezaji. Wanakuja wakati nyumba ni rahisi, wanaupa mji sifa, bei zinapanda, na mtoto wa mvuvi anahamia mji mwingine. Ukweli upo hapo. Makumbusho ya Tate yalifungua tawi St Ives mwaka 1993, na mwezi Mei 2016 wakazi walipiga kura ambapo zaidi ya asilimia 80 waliunga mkono mpango wa kukataza nyumba mpya kuuzwa kwa watu wanaozitumia kwa mapumziko tu. Mahakama Kuu ikaukubali mpango huo mwaka huohuo. Lakini tazama kilichopandisha bei: ni nyumba kununuliwa na wenye fedha wa mbali wasioishi mjini. Porthmeor imefanya kinyume chake. Ununuzi wa 1949 uliwalinda wachoraji wa juu na wavuvi wa chini kwa hati moja, na leo nyavu zinatengenezwa pale huku nyumba nyingi za jirani zikiwa za mapumziko. Mji unaoogopa kuuzwa hauna sababu ya kuwafukuza wasanii. Wenye hofu hiyo wangefanya vyema kuwashika mkono waingie pamoja katika mfuko mmoja wa wadhamini.

Turudi kwetu, ambako hoja hii inauma zaidi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka uliofuata, na tangu hapo nyumba za mawe zimekuwa bidhaa. Jumba la Mambo Msiige, Shangani, limekuwa sehemu ya hoteli ya kimataifa. Kijiji cha Shela, kisiwani Lamu, nyumba kwa nyumba, kimepita mikononi mwa wageni. Wakati huohuo, taasisi za sanaa zinaishi kwa bajeti za wafadhili. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa katika jumba la forodha la zamani huko Mizingani na kuwafunza vijana taarabu na ngoma, mwaka 2019 kilitangaza hadharani kuwa kiko karibu kufungwa baada ya fedha za wafadhili kupungua. Taasisi isiyo na mali ya kuingiza kodi haina cha kuikinga mwaka wa kiangazi. Cha kushangaza ni kwamba pwani hii imejua kwa karne nyingi namna ya kuifanya nyumba isiuzike. Wakfu ni hivyo hasa: mali inazuiliwa, manufaa yake yanaelekezwa kwa kusudio lililotajwa na mwenye kuiweka, na warithi hawana ruhusa ya kuipiga mnada. Zanzibar ina kamisheni ya wakfu, Kenya vilevile, na sheria za wadhamini zipo kwa wasiotaka njia ya kidini. Kama mafundi wa nakshi, wachoraji au wanamuziki wa taarabu wanaweza kunufaika na wakfu halisi ni suala la masheikh kulitolea fatwa, nami siwaingilii. Ninachodai ni kwamba muundo wa kisheria si wa kuagizwa kutoka Cornwall.

Anayeujua Mji Mkongwe atanijibu papo hapo kuwa nyumba za wakfu ndizo zilizochakaa kuliko zote: kodi ni ndogo, matengenezo hayapo, boriti zinaoza. Jibu hilo ni la haki, nalo ndilo linalonizuia kusema kuwa umiliki unatosha. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa haisamehi uzembe. Sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, hapohapo Mji Mkongwe, iliporomoka Desemba 2020, na watu walipoteza maisha, ingawa jumba lilikuwa la serikali na halikuwa na mnunuzi anayelimendea. Porthmeor nayo ilikaribia kubomoka kwa mawimbi na upepo, na ukarabati uliokamilika mwaka 2013 uligharimu takriban pauni milioni 4. Kilichowawezesha wadhamini kutafuta fedha hizo na kuliendesha jengo baadaye ni mchanganyiko wa wapangaji: wavuvi, wachoraji wa muda mrefu, wasanii wageni, na shule ya uchoraji iliyokuwamo tangu 1938 na kuwalipisha wanafunzi wake. Msanii mgeni asiyelipa kitu hukaa juu ya mabega ya wanaolipa. Mradi wowote wa Lamu au Bagamoyo unaopanga vyumba vyote viwe vya bure kwa wageni umeshajiandikia hati ya kifo, hata kama jengo ni lake.

Kuna njia ya mkato inayopendwa, ya kuomba hoteli vyumba vyake wakati wa masika, Aprili na Mei, ambapo hoteli nyingi za Zanzibar hufunga au kupunguza wafanyakazi. Sioni ubaya wa kuanzia hapo. Hata Provincetown programu ilitangulia jengo. Ila masharti yaandikwe tangu siku ya kwanza kwamba ada, michango na mauzo ya maonyesho vinaenda kwenye akiba ya kununua, na akiba hiyo isiguswe kwa ajili ya hafla za ufunguzi. Nyumba inayotafutwa iwe ya mtaani, mbali kidogo na ufuo ambako bei imeshapaa, yenye ghorofa ya chini inayoweza kupangishwa kwa fundi seremala au mshona nguo wa mtaa huo. Katika bodi ya wadhamini wakazi wa mtaa wawe na kura za kuzuia uuzaji, si viti vya heshima tu. Na chokaa haikauki vyema kwenye mvua: masika waachiwe wasanii, ukarabati usubiri jua.