Jitu Moja na Vibeti Saba

Je, afikaye sokoni wa kwanza ndiye auzaye kuliko wote? Sivyo daima. Habari za mashine kubwa za hesabu, ziitwazo kompyuta, zatuonyesha hayo.

Mwaka 1951 kampuni ya Remington Rand ya Marekani iliipatia idara ya sensa mashine yake UNIVAC. Mwaka uliofuata, usiku wa uchaguzi, mashine hiyo ilitabiri mapema ya kuwa Eisenhower angeshinda kwa kura nyingi. Wenye televisheni hawakuisadiki. Kumbe ilisema kweli!

Hata hivyo, IBM ndiyo iliyoshika soko. Kwa nini? Kwa miaka mingi ilikuwa ikikodisha mashine za kadi zenye matundu kwa mabenki na maofisi. Watu wake walizitengeneza na kuwafundisha wateja. Basi mteja alipotaka kompyuta, alimwendea yule aliyekwisha kumzoea. Washindani waliobaki, yaani Univac, Burroughs, NCR, Control Data, Honeywell, General Electric na RCA, watu waliwaita kwa mzaha vibeti saba.

Kamba ya hariri

Tarehe 7 Aprili 1964 IBM ilitangaza System/360, jamaa moja ya mashine ndogo na kubwa. Programu ya mashine ndogo ilifaa hata katika kubwa. Mteja hakulazimika kuanza upya. Ni faida kweli! Lakini faida hiyo ilikuwa pia kamba: kuhamia kwa mwingine kulitaka kuandika programu upya.

Mwaka huohuo Control Data ilitoa mashine 6600, kazi ya Seymour Cray, yenye mbio kuliko zote duniani. IBM ikatangaza mashine ya kushindana nayo kabla haijawa tayari, na wanunuzi wakangoja. Control Data ilishitaki mwaka 1968. Wakapatana mwaka 1973.

Sheria yaenda polepole

Serikali nayo ilishitaki mwezi wa Januari 1969, ikaiacha kesi Januari 1982. Wakati huo General Electric na RCA zilikuwa zimekwisha kuacha biashara hiyo, mwaka 1970 na 1971.

Tuseme nini? Ustadi wa IBM wastahili sifa. Bali soko ni huru pale tu mnunuzi awezapo kuondoka bila kupoteza kazi yake yote. Mwenye duka moja tu kijijini ayajua hayo.