Furu, mama anayelea mdomoni

Mtoto akikuuliza samaki huleaje, mwambie habari za furu wa Ziwa Victoria. Jike akitaga huyakusanya mayai yote mdomoni na kukaa nayo wiki mbili tatu, karibu bila kula. (Baba? Ameshaenda kutafuta jike mwingine.) Hata vifaranga wakishaanza kuogelea, wakiona hatari hukimbilia humo humo mdomoni.

Ila mdomo mdogo hubeba makumi tu ya mayai. Sangara, aliyepandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, hutaga mamilioni, na furu ndio waliokuwa chakula chake. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 aina nyingi zilikuwa zimetoweka.

Waliobaki nao huvuliwa. Jike mwenye watoto akinaswa wavuni, huwatema.