Nani kaandika habari za Awasse?

AWASSE, Cabo Delgado – Njia panda hii hutenganisha barabara ya Mueda na ya Mocímboa da Praia. Waasi walipateka, majeshi ya Rwanda na Msumbiji yakapakomboa Julai 2021, siku chache kabla ya kuingia Mocímboa Agosti 8. Mfanyabiashara wa Mtwara anayetafuta habari za hapa kwenye simu huangukia Wikipedia, kamusi elezo inayoweza kuhaririwa na yeyote, hata asiyetaja jina. Na wenye maslahi Cabo Delgado ni wengi: serikali, majeshi, kampuni za gesi, waasi wenyewe.

Mwaka 2007 Mmarekani Virgil Griffith alitoa programu ya WikiScanner, iliyolinganisha anwani za IP za wahariri hao wasiojulikana na wamiliki wa anwani hizo. Diebold, kampuni ya mashine za kupigia kura, ikaumbuka: mwaka 2005 mtu aliyetumia mtandao wake alifuta aya 15 zilizozungumzia mashaka juu ya mashine hizo. Zilirudishwa upesi.

Kila ukurasa una sehemu ya historia, inayoonyesha kilichofutwa na lini. Iguse kabla ya kuamini. Hali ya barabara leo muulize dereva aliyelala Mueda jana.