Kufuli la kompyuta ni bure, ufunguo uliosahaulika ndio ghali

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara wa leo ana maghala mawili. La kwanza ni lile la mabati, lenye mzigo, mlinzi wa usiku na makufuli. La pili ni kompyuta inayotunza orodha ya wateja, madeni, bei za jumla na hesabu za stoo. Kwa ghala la kwanza, mwenye mali anajua funguo ni ngapi na ziko mikononi mwa nani. Kwa ghala la pili, wengi wamemwachia fundi.

Kompyuta ya namna hiyo mara nyingi haipo hata dukani. Ni seva ya kukodi, imewekwa katika jengo la mitambo lililoko nchi nyingine, na kodi yake hulipwa kila mwezi. Fundi akitaka kuitengeneza huingia kwa njia ya intaneti akiwa popote, huandika amri kwa maneno, nayo seva hutii. Anayeingia kwa njia hiyo akiwa na mamlaka ya msimamizi mkuu anaweza kunakili daftari zima la biashara, kulibadili au kulifuta.

Njia inayotumika zaidi duniani kwa kazi hiyo inaitwa SSH. Ni kufuli imara na halina bei. Hasara nyingi hutokana na neno la siri lililo rahisi kubahatishwa, au na ufunguo uliobaki kwa mtu ambaye hapaswi tena kuwa nao.

WIZI WA HELSINKI

Kabla ya mwaka 1995, mafundi wengi waliingia katika kompyuta za mbali kwa njia iitwayo Telnet. Kasoro yake ni kwamba kila kitu, pamoja na neno la siri, kilisafiri wazi kama maandishi ya postikadi. Aliyeweza kukaa njiani na kusikiliza aliyapata yote.

Mwaka huo, katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Finland, iligunduliwa programu iliyofichwa ikikusanya majina na maneno ya siri ya watumiaji. Maelfu yalikuwa yamekwisha kunaswa. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, aliandika programu ya kuyageuza mazungumzo kuwa fumbo kabla neno la siri halijatoka kwenye kompyuta ya mtumiaji. Aliitoa Julai 1995 bila malipo. Aidha, aliomba ipewe mlango wake rasmi kwenye intaneti, akapewa namba 22, katikati ya namba 21 ya FTP iliyosafirisha mafaili na namba 23 ya Telnet. Hizo ndizo njia mbili alizokusudia kuziondoa. Hadi mwisho wa mwaka huo watumiaji walikadiriwa kufikia 20,000 katika nchi 50.

SOKO LILIVYOAMUA

Kwa msomaji anayefuatilia hisa, yaliyofuata yana funzo. Desemba 1995 Ylönen alianzisha kampuni ya SSH Communications Security, na matoleo mapya ya programu yakaanza kuwekewa masharti ya leseni. Desemba 2000 hisa za kampuni hiyo ziliingia katika Soko la Hisa la Helsinki.

Hata hivyo, wakati huo mshindani alikuwa tayari uwanjani. Mwaka 1999 watengenezaji wa mfumo wa OpenBSD walichukua programu iliyotokana na toleo la zamani ambalo bado lilikuwa huru, wakaisafisha, na Desemba mwaka huo wakaitoa kwa jina la OpenSSH. Mwaka 2001 Ylönen aliwataka waliache jina hilo akisema ni alama ya biashara ya kampuni yake. Jina halikubadilishwa. Leo OpenSSH imo katika seva nyingi za Linux na katika kompyuta za Apple, na tangu mwaka 2018 Microsoft nayo huiweka ndani ya Windows.

Kampuni ya Finland haikufa. Inaendelea na biashara, na miongoni mwa bidhaa zake ni mifumo ya kuyasaidia makampuni makubwa kujua funguo zao ziko wapi na zinatumiwa na nani. Kwa maneno mengine, kufuli limekuwa bure, lakini kuzihesabu funguo ni kazi ambayo wakubwa wanailipia. Mfanyabiashara mdogo anaweza kuifanya mwenyewe kwa karatasi na kalamu.

FUNGUO MBILI

SSH humruhusu mtu aingie kwa neno la siri au kwa ufunguo. Neno la siri linabahatishika. Seva iliyo wazi kwenye intaneti hugongwa mlango usiku na mchana na mitambo inayojaribu majina na maneno yaliyozoeleka. Mitambo hiyo haichagui kati ya benki na duka la vipuri, hivyo biashara ndogo haisalimiki kwa udogo wake.

Ufunguo hutengenezwa na kompyuta na huja kwa jozi. Mmoja ni wa wazi, nao huwekwa kwenye seva. Huo ni kama kufuli lililotundikwa mlangoni, na anayeliona hawezi kulifungulia. Wa pili ni wa siri na hubaki kwenye kompyuta ya mwenyewe. Wakati wa kuingia, kompyuta ya mtumiaji hutia sahihi kwa ufunguo wa siri, na seva huihakiki sahihi hiyo kwa ufunguo wa wazi. Ufunguo wa siri wenyewe hausafiri, kwa hiyo hakuna cha kunasa njiani.

HATUA ZA KUFUATA

Mwenye biashara halazimiki kuandika amri hizi kwa mkono wake, lakini ni vizuri azifahamu ili ajue anacholipia.

Kwanza, jozi ya funguo itengenezwe kwenye kompyuta ya mtumiaji na si kwenye seva, kwa amri ya ssh-keygen -t ed25519. Programu itauliza maneno ya kuulinda ufunguo huo. Wengi hubonyeza kitufe na kupita. Yasirukwe, kwa sababu kompyuta ya mkononi ikiibiwa, maneno hayo ndiyo yatakayomzuia mwizi kuutumia ufunguo.

Pili, mtumiaji anapoungana na seva kwa mara ya kwanza, huonyeshwa alama ya utambulisho ya seva hiyo, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu, na huulizwa kama anaikubali. Wengi hujibu ndiyo bila kusoma. Alama hiyo ilinganishwe na ile inayoonekana mtu anapoingia kwa njia ya mwenye jengo la mitambo, vinginevyo mtumiaji anaweza kujikuta anazungumza na seva ya tapeli. Siku nyingine likitokea onyo kuwa alama imebadilika, kazi isimame mpaka sababu ijulikane.

Tatu, ufunguo wa wazi upelekwe kwenye seva, na kwa watumiaji wa Linux na Apple kuna amri ya ssh-copy-id inayofanya hivyo. Kila mtu awe na jina lake na ufunguo wake. Watu watatu kutumia ufunguo mmoja ni sawa na watu watatu kutumia sahihi moja kwenye hundi. Fedha zikipotea, hakuna wa kuulizwa.

Nne, mlango wa neno la siri ufungwe. Katika faili la masharti la seva, /etc/ssh/sshd_config, iandikwe PasswordAuthentication no. Iandikwe pia PermitRootLogin no, ili msimamizi mkuu asiingie moja kwa moja. Kabla ya hapo awepo mtumiaji wa kawaida mwenye ruhusa ya kufanya kazi za usimamizi. Dirisha la kwanza liachwe wazi wakati dirisha la pili linajaribu kuingia kwa ufunguo. Fundi anayefunga mlango kabla ya kujaribu ufunguo hubaki nje pamoja na mwenye mali. Mwisho, huduma ya SSH ikishaanzishwa upya, mtu ajaribu kuingia kwa neno la siri. Akikataliwa, kazi imefanyika.

Tano, uwepo ufunguo wa akiba wa mwenye biashara mwenyewe, uliolindwa kwa maneno yake, na utunzwe mahali anapotunza hati za nyumba na leseni.

Wapo mafundi wanaoshauri kuhamisha SSH kutoka mlango namba 22 kwenda namba nyingine. Hatua hiyo hupunguza kelele za wabahatishaji, lakini haichukui nafasi ya hizo tano.

FUNDI AKIONDOKA

Tuchukue mfano wa muuza vipuri wa Kariakoo aliyeajiri fundi kwa mkataba wa miezi sita. Mkataba ukaisha, wakaagana vizuri, fundi akarudisha ufunguo wa ofisi na kitambulisho. Mwenye duka akabadilisha neno la siri la seva na kuamini kuwa mambo yamekwisha.

Mambo hayajaisha. Ufunguo wa fundi bado umeandikwa kwenye faili liitwalo authorized_keys, na kubadilisha neno la siri hakuugusi. Ufunguo wa kawaida wa SSH hauna tarehe ya kuisha. Utafungua mwezi ujao na miaka mitano ijayo. Si lazima fundi awe mwizi. Inatosha kompyuta yake iuzwe kwa mtu mwingine bila kufutwa, au iingiwe na virusi vinavyotafuta funguo.

Dawa yake ni kuondoa mstari wa ufunguo huo katika faili la kila mtumiaji wa seva, likiwamo la msimamizi mkuu. Aidha, ikumbukwe kuwa kuondoa ufunguo hakumtoi mtu aliyekwisha kuingia. Mazungumzo yaliyo wazi yakatwe pia.

Kuna mtego mwingine mkubwa zaidi. Mara nyingi fundi ndiye aliyekodi seva kwa jina lake na anwani yake ya barua pepe, kisha akarudishiwa fedha na tajiri. Katika hali hiyo, kwa mwenye jengo la mitambo mteja ni fundi. Yeye ndiye anayeweza kuizima seva, kuifuta, au kuingia kwa mlango wa nyuma wa mkodishaji hata kama funguo zote za SSH zimebadilishwa. Mkataba wa seva uwe kwa jina la biashara, na anwani ya barua pepe iwe ya biashara.

KUFULI NALO HUKAGULIWA

Kufuli zuri nalo laweza kuharibika likiwa kiwandani. Mwaka 2006 watunzaji wa mfumo wa Debian walifanya badiliko katika programu ya OpenSSL, na badiliko hilo likaathiri namna kompyuta inavyochagua namba za bahati za kutengenezea funguo. Lilipogunduliwa Mei 2008, ilibainika kuwa kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo zilikuwapo funguo 32,767 tu, idadi ambayo mhalifu angeweza kuijaribu yote. Ilibidi funguo zibadilishwe. Waliokuwa na orodha ya funguo zao walijua pa kuanzia.

Machi 2024 hatari ilikuja kwa njia nyingine. Mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, aliona kuingia kwa SSH kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Alipofuatilia alikuta mlango wa siri umepandikizwa ndani ya XZ Utils, programu ya kubana mafaili, katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Ulikusudiwa kumfungulia mtu mmoja seva za watu kupitia SSH. Uligunduliwa kabla matoleo hayo hayajaingia katika mifumo mingi inayotumika kibiashara.

Funzo la matukio hayo kwa mwenye duka ni kuwa masahihisho ya mfumo yasicheleweshwe, na kwenye mkataba wa fundi iandikwe ni nani anayeyaweka na lini.

KWA MWEKEZAJI

Mwekezaji mdogo anayetaka kuweka mtaji katika biashara inayouza kwa intaneti huuliza hati ya kiwanja, leseni na hesabu za miaka iliyopita. Aongeze maswali manne. Seva imekodiwa kwa jina la nani? Ni watu wangapi wana ufunguo, na majina yao ni yapi? Mara ya mwisho ufunguo kuondolewa ni lini, na uliondolewa kwa nani? Mwenye biashara anaweza kuingia leo bila kumpigia fundi simu?

Biashara ambayo fundi wake amebadilika mara tatu na haijawahi kuondoa hata ufunguo mmoja ina deni lisiloonekana katika hesabu zake. Kwa upande wa Tanzania deni hilo lina sura ya kisheria pia, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2019.

Gharama za kujiweka sawa ni ndogo. Programu ni shilingi sifuri, kutengeneza ufunguo ni suala la sekunde chache, na orodha ya wenye funguo inaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Orodha hiyo ihakikiwe siku ile ile ya kuhesabu stoo, na jina lisilokuwa na kazi tena likatwe kabla ya kufunga hesabu.