Mashine ya Kapeti za Ofisi: Nunueni kwa Akili, Msije Mkanuniana

Mshahara unaingia tarehe 25, tarehe 5 umeshakata. Ndiyo maisha ya mjini, mpenzi msomaji, wala usione aibu. Si ajabu basi kwamba wapenzi wengi wenye ajira zao wanatafuta mchongo wa pembeni wa kufanya pamoja. Mmojawapo ni usafi wa kapeti za maofisi. Ofisi zipo, vumbi lipo, na kazi inafanyika jioni au wikendi wakati nyie mmeshatoka kazini kwenu.

Kasheshe inaanza kwenye kununua mashine. Hapo ndipo akiba ya kiwanja, au ile michango ya harusi iliyobaki, inapotoka benki kwa siku moja. Ukinunua kitu kisichofaa, hasara haiishii mfukoni. Mnalala mmegeukiana migongo. Hebu basi tuelewane kabla hamjaenda dukani.

KAPETI KWANZA, MASHINE BAADAYE

Kosa la wengi ni kuanzia kwa muuzaji. Anzieni ofisini kwa mteja. Piga goti, shika kapeti, uliza imetengenezwa kwa nini. Maofisi mengi ya kisasa hutumia vipande vya mraba vya nailoni au polipropileni vilivyogandishwa kwa gundi. Hizo huvumilia maji, ila ukizilowesha mno maji hupenya kwenye maungio na gundi huanza kuachia. Zulia la sufi, mara nyingi lile la chumba cha bosi, ni mtoto mwingine kabisa: maji moto sana yanaweza kulifanya lisinyae, na sabuni kali hulichosha nyuzi na rangi.

Halafu angalieni jengo lenyewe. Lifti inafanya kazi usiku? Bomba la maji liko wapi? Maji machafu yatamwagwa wapi? Mashine ya kilo 40 ni tamu sana dukani, lakini ukiibeba mpaka ghorofa ya nne kwa ngazi, utamchukia aliyekushauri.

ZIJUE KWA TABIA ZAKE

Vakyumu ya kawaida. Huyu ndiye mfanyakazi wa kila siku, na ndiye anayedharauliwa kuliko wote. Sehemu kubwa ya uchafu wa kapeti ni vumbi kavu na mchanga. Ukimwaga maji juu yake bila kulinyonya kwanza, unatengeneza tope. Kama bajeti inaruhusu, chukua yenye chujio la HEPA, ambalo hunasa asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa mikromita 0.3. Kwenye ofisi yenye watu wa pumu na mafua ya vumbi, hiyo ni hoja nzito ya kumpa mteja.

Mashine ya kunyunyiza na kuvuta. Inapuliza maji yenye dawa ndani ya kapeti, kisha inayavuta papo hapo pamoja na uchafu. Wengi huiita mashine ya stimu, lakini kiukweli nyingi hazitoi mvuke, na zile ndogo hazichemshi hata maji. Unayamimina wewe yakiwa ya vuguvugu, kwa kiwango cha joto kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Kwa usafi wa kina, hii ndiyo injini ya biashara yenu.

Mashine ya brashi ya kuzunguka. Inasugua juu juu kwa maji kidogo na kapeti hukauka haraka. Inapendezesha kabla ya mkutano, lakini uchafu wa chini unabaki pale pale. Ukiibana sana inaweza kuvuruga nyuzi.

Kama pesa inatosha vitu viwili tu, nunueni vakyumu imara na mashine ndogo ya kunyunyiza na kuvuta. Yale madude makubwa yasubiri mpaka kazi zenyewe ziyadai.

MBANE MUUZAJI KWA MASWALI HAYA

Umeme wake ni wa ngapi? Tanzania tunatumia volti 230, Kenya 240, zote kwa hezi 50. Marekani ni volti 120 na Japani 100. Mashine ya mtumba kutoka huko ukiichomeka hivi hivi ukutani, utanusa moshi kabla hujaona usafi. Transfoma ipo, lakini nani ataibeba kila siku?

Tangi ni lita ngapi? Pampu inayotoa lita 1 kwa dakika inamaliza tangi la lita 10 ndani ya dakika 10 za kunyunyiza. Kwa hiyo mtaenda bombani mara nyingi. Hakikisheni tangi la maji machafu linatoka na kumwagwa kirahisi.

Inavuta vipi? Hili ndilo swali kubwa. Msidanganywe na nguvu ya kunyunyiza, maana kumwaga maji hata ndoo inaweza. Omba uijaribu pale pale dukani kwenye kipande cha kapeti, kisha kanyaga kwa soksi. Soksi ikilowa chepechepe, shukuru na uondoke.

Vipuri viko wapi? Mpira, mdomo wa kuvutia, pampu na chujio ni vitu vya kuchakaa. Kama fundi wake hayupo mjini kwenu, siku pampu ikifa na biashara imelala.

Kelele zake? Kama mteja anataka kazi mchana, mashine inayonguruma kama ya kusaga unga haitarudi mara ya pili.

KUKAUKA NDIKO KUNAKOLETA AU KUFUKUZA WATEJA

Kapeti iliyovutwa vizuri hukauka kwa saa kadhaa. Ikibaki mbichi zaidi ya siku moja au mbili, ukungu unaanza, na Jumatatu ofisi nzima inanuka kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Dar es Salaam wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hewa yenyewe imejaa maji, tena wikendi kiyoyozi kimezimwa. Ombeni mteja akiwashe, au mje na feni zenu. Pita mara moja ukinyunyiza na kuvuta, halafu mara mbili ukivuta tu. Na sabuni iwe kidogo: ikibaki kwenye nyuzi inanata, na kapeti inachafuka haraka kuliko mwanzo.

KALAMU NA KARATASI, TAFADHALI

Chukueni ofisi ya mita 10 kwa 6, yaani mita za mraba 60. Mashine ndogo ikifanya mita 20 kwa saa, hizo ni saa tatu. Ongeza saa moja ya vakyumu na nyingine ya kuhamisha viti. Jioni imekwisha.

Sasa pesa, kwa bei za mfano tu. Vifaa vimewagharimu shilingi 2,400,000. Kazi moja mnalipwa 150,000, na dawa, usafiri na kibarua vinakula 70,000. Mnabaki na 80,000. Mnahitaji kazi 30 kurudisha pesa yenu. Mkipata kazi mbili kwa mwezi, ni miezi 15. Je, kile kiwanja kinaweza kusubiri miezi 15? Kama jibu ni hapana, kodisheni mashine kwanza, mpate wateja wawili watatu wa kudumu, ndipo mnunue. Na kumbukeni ofisi za maana zitadai TIN na risiti, kwa hiyo usajili ufanyike mapema.

RISITI INA JINA LA NANI?

Hapa ndipo wapenzi wengi hunyamaza kwa kuogopa kuonekana hawaaminiani. Msinyamaze. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa sawa kwa sawa. Ni kweli kwamba mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini kwa nini mfike mahakamani kwa jambo la kalamu? Andikeni majina yote mawili. Kama bado ni wachumba, andikeni nani katoa kiasi gani, na nani atabaki na mashine mambo yakienda mrama.

Na kila mmoja aijue kazi. Huko Grand Rapids, Marekani, Melville Bissell alisajili hataza ya mashine yake ya kufagilia kapeti mwaka 1876, na mkewe Anna alikuwa naye bega kwa bega katika kuiuza. Melville alipofariki mwaka 1889, Anna akashika usukani wa kampuni, na jina la Bissell lipo madukani mpaka leo. Mama huyo hakuanza kujifunza biashara siku ya msiba. Je, mwenzako leo anajua bei ya dawa, namba ya fundi na jina la mteja anayedaiwa?

Mwisho kabisa, wikendi. Usafi wa maofisi unazila zote kama hamtaziwekea mipaka. Chagueni Jumapili moja au mbili kwa mwezi ambazo simu ya mteja haipokelewi, hata akiongeza dau. Kapeti itasubiri mpaka Jumatatu jioni. Aliyekaa karibu yako amesubiri wiki nzima.